Mama Anakuja Kupima Tu

Nyumbani, 12 Januari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima kama inavyotuacha sisi. Usishtuke kuona mwandiko mwingine. Macho ya Baba yamechoka, anasema mistari inamkimbia kama kuku waliofunguliwa. Jana alinisukumia kalamu akasema, "Umemaliza shule. Sasa tuone kama tulisomesha mtu au tulisomesha sare." Kwa hiyo kuanzia leo mwandishi wa nyumba hii ni mimi. Najua unacheka: Kasauti, ambaye hawezi hata kuomba chumvi kwa jirani, leo ni msemaji wa familia! Lakini karatasi haikukodolei macho, ndiyo maana naiweza.

Baba hajambo. Tangu aache udereva anakaa mlangoni asubuhi akisikiliza malori yanayopita na kutaja ugonjwa wa kila injini. "Hilo lina pumu," anasema. Shangazi anakuja kila siku kutusalimia dakika moja, na kuondoka vyombo vikishaoshwa. Mimi nasubiri matokeo ya mtihani, na wakati huu namsaidia Mama kushona vifungo kwenye sare za watoto.

Barua uliyomwandikia Baba nimeisoma mimi. Tumeelewa kwamba ndugu zako watakupigia kura baada ya Pasaka, na kwamba wakikukubali utaweka nadhiri za daima mwezi wa sita. Baba amefurahi. Umeuliza kama Mama atakuja siku hiyo. Mama yupo, anashona.

Nina ombi moja. Miaka yote uliyokaa monasterini barua zako zinasema "naendelea vizuri". Baba anasema hata gari bovu hueleza zaidi ya hapo. Tuandikie siku yako inavyokwenda, tangu unapoamka.

Mdogo wako,
Kasauti


Monasterini, 9 Februari

Mdogo wangu Kasauti,

Marahaba, na salamu kwa wote, nikianzia kwa Baba na malori yake yenye pumu. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa mlezi wetu, ila usimwambie mtu, maana barua zangu ni yeye anayezibandika stempu.

Umeuliza siku yangu. Inaanza na Babu Kengele, mtawa mzee kuliko wote hapa. Anapiga kengele kukiwa bado giza, na kwa jinsi anavyoipiga ungedhani kengele hiyo ilimkosea jana. Nanawa maji baridi, navaa kanzu, nashuka kanisani. Tunaimba zaburi kwa pande mbili: upande huu unatoa mstari, upande ule unapokea. Siku za mwanzo niliimba kwa nguvu zote ili Mungu ajue nimefika. Babu Kengele akaniinamia akaninong'oneza, "Bruda, si kiziwi." Sasa najua kwamba kazi ya kwanza ya mwimbaji ni kumsikia aliye pembeni yake.

Baada ya Misa kila mtu anakwenda kazini. Mimi niko jikoni na Bruda Mwiko. Tunakanda mkate, tunamenya, tunachambua, tunaosha masufuria ambayo mtoto anaweza kulala ndani. Mchana tunakula bwaloni bila kuzungumza. Mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine tunatafuna. Ukitaka kitu unaonyesha kwa mikono. Kuna ishara ya mkate, ya maji, ya kijiko. Wiki yangu ya kwanza niliomba chumvi nikaletewa ngazi. Ndugu aliyeileta hakuuliza lolote, aliisimamisha nyuma ya kiti changu akaenda zake, na mimi nikala chakula kisicho na chumvi huku nikiilinda ngazi.

Kuhusu kura: hapa hatuinui mikono. Kila mtawa hupita mbele ya chungu akiwa amefumba kiganja na kudondosha punje ya haragwe. Jeupe ni ndiyo, jeusi ni hapana. Maharage hayo ni makavu kama kokoto, hukaa kwenye chupa zake, na yalikuwapo kabla hujazaliwa.

Sasa, Kasauti. Umeniandikia kwamba Mama yupo, anashona. Hata cherehani ipo, inashona. Nilichouliza ni kama atakuja. Nikikataliwa na ndugu zangu nitalia, kisha nitanyamaza. Nikikubaliwa na kiti cha Mama kikawa kitupu, sijui nitafanyaje. Niambie ukweli, hata kama ni mchungu.

Kwaresima inakaribia. Katika kipindi hicho tunapokea barua lakini hatuandiki. Ukiona kimya ujue ni kimya cha kanuni. Si cha moyo.

Kaka yako


Nyumbani, 3 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Sote ni wazima. Baba amepata miwani mipya, anasema sasa anaona vizuri kwamba haoni.

Uliomba ukweli. Siku ile barua yako ilipofika Shangazi alikuwapo, na Shangazi aliwahi kuhudhuria nadhiri za mtoto wa rafiki yake. Akaanza kusimulia kabla sijamkonyeza. "Wanamlaza kifudifudi mbele ya altare," akasema. "Wanamfunika kitambaa cheusi mwili mzima, wanampigia kengele za msiba. Na mama mzazi yuko benchi la mbele, anatazama! Mimi nililia mpaka mtu wa nyuma yangu akanipa leso."

Mama aliweka mkasi chini. Akasema, "Huyu nilimzaa mara moja. Sitakwenda kumzika akiwa mzima."

Baba akamwambia, "Mama watoto, ni ishara tu."

"Basi nipe mimi ishara ya mjukuu," akasema Mama, na mazungumzo yakaishia hapo.

Samahani, Kaka. Ndilo jibu.

Lakini kuna jambo lingine ambalo sijui nilieleze vipi. Huwa namsomea Baba barua zako sebuleni, na Mama anakuwa chumba cha pili na cherehani yake. Nikianza kusoma, anakanyaga pedali kwa nguvu kama anapanda mlima. Juzi nilipofika pale pa ngazi, cherehani ikanyamaza. Nikanyamaza na mimi. "Uzi umekatika," Mama akasema kutoka kule. Nilipopita kwenda jikoni nilitazama. Uzi haukuwa umekatika.

Najua hutajibu sasa. Nakuombea, kwa sauti yangu hii hii.

Kasauti


Nyumbani, 30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hii ni fupi. Hakuna mgonjwa. Baba ananitaka nirudie barua yako kila Jumapili. Anasema, "Paza sauti, mtu wa chumba cha pili naye ana masikio." Ninapaza. Mwezi huu Mama ana bahati mbaya sana na uzi.

Jana, akiwa anapiga pasi, aliniuliza bila kunitazama, "Hiyo ngazi, aliiondoa nani?" Nikamwambia hukuandika. Akasema, "Hao watu wanaandika nusu nusu." Tafadhali utakaporuhusiwa kuandika, tuambie nani aliiondoa ngazi.

Kasauti


Monasterini, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Heri ya Pasaka, na pole kwa kungoja. Barua zako mbili nilikaa nazo Kwaresima yote ndani ya kitabu cha zaburi. Ya kwanza iliniumiza. Ya pili ilinifanya nicheke kanisani, nikapewa kazi ya kufagia ngazi za mnara. Tukiwa kwenye ngazi: ile ya bwaloni niliiondoa mwenyewe. Mwambie anayetaka kujua.

Sasa kaa chini nikueleze aibu yangu.

Siku chache baada ya Pasaka tulisafisha nyumba nzima. Ofisi ya Abate, mkuu wetu, ilipakwa rangi, na vitu vyake vikahamishiwa stoo ya jikoni. Siku hiyo hiyo walifika wageni ambao hatukuwatarajia, na Bruda Mwiko alikuwa kwa daktari wa meno. Nikabaki peke yangu na masufuria. Nikaingia stoo, nikaona chupa mbili za maharage, moja meupe, moja meusi. Nikamshukuru Mungu. Nikayachanganya yapendeze, nikayachemsha. Yalikataa kuiva. Niliongeza kuni, nikaongeza maji, nikayasihi. Mwishowe nilitia vitunguu vingi na kuyapeleka mezani kama mtu asiye na hatia.

Msomaji akaanza kusoma. Ndugu wakaanza kutafuna, na ukumbi mzima ukasikika kama farasi wanapita kwenye changarawe. Babu Kengele akachota kijiko, akakisogeza karibu na jicho. Akaona jeusi. Akaona jeupe. Akanitazama. Kisha akanyoosha mkono polepole akamwonyesha Abate kile kijiko.

Kasauti, wewe unajua kunyamaza, lakini hujawahi kuona watu wazima wakinyamaza namna ile. Hakuna aliyeruhusiwa kusema. Mmoja akaficha uso ndani ya leso. Mwingine akainama chini ya meza kutafuta kitu ambacho hakikuanguka. Msomaji naye, maskini, alipoona mabega ya Abate yanatikisika, alirudia mstari mmoja mpaka mgeni mmoja akadhani ni kiitikio. Mimi nilibaki nimesimama na upawa, nikitamani ardhi inifiche.

Baada ya sala ya kushukuru Abate akasema, "Ndugu zangu, tumekula kura." Akafuta macho. "Tumezila kabla ya kuzipiga. Wa kupigiwa ndiye aliyezipika. Tuone kama kuna atakayeumwa tumbo."

Hakuna aliyeumwa. Kesho yake Bruda Fundi, mshonaji wetu, alileta kopo lake la vifungo. Vyeupe vikawa ndiyo, vyeusi vikawa hapana. Niliwekwa nje ya mlango, nikavisikia vikigonga chungu kimoja kimoja. Kisha mlango ukafunguliwa.

Nimekubaliwa. Nadhiri ni Jumamosi ya tatu ya Juni.

Bruda Fundi ameshaanza kukata joho langu la siku hiyo. Hajanipima. Anasema ananijua kwa macho, na joho ni joho. Nimelijaribu: mikono inapita vidole, na mabegani linanibana hata siwezi kuinua mikono. Anasema niwe na subira, kitambaa kitazoea.

Kuhusu Mama, sitasukuma. Mwambie tu kwamba namsalimu, na kwamba uzi mzuri haukatiki ovyo.

Kaka yako, mpishi wa kura


Nyumbani, 6 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo na hongera, hongera, hongera! Baba aliposikia umekubaliwa alisimama akasalimu lori lililokuwa linapita. Dereva akapiga honi.

Ngoja nikupe yaliyotokea, maana hata mimi bado siamini. Nilisoma barua yako kwa sauti ambayo Shangazi alisema hakujua ninayo. Nilipofika kwenye maharage, Mama hakusingizia uzi. Tulisikia kicheko kutoka chumba cha pili, kile chake cha zamani, cha kupiga paja. "Alinililia utoto wake wote nimfundishe kupika, nikamwambia toka jikoni kwangu!" akasema peke yake. Sote tukajifanya hatukusikia.

Nikaendelea. Nilipofika kwa Bruda Fundi pazia likafunguka. Mama kasimama pale na pini mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Nani amempima mwanangu kwa macho?"

"Bruda Fundi," nikasema.

"Kitambaa kitazoea?" Mama akasema. "Kitambaa hakizoei! Anayezoea ni mtu, anatembea amejikunja maisha yake yote! Joho la siku moja?"

"La maisha," Baba akajibu. "Ndilo atakalolivaa hata atakapo—"

"Usimalizie." Mama akavua futi ya kupimia shingoni, akaikunja, akaikunjua. "Mwandikie huyo Bruda asiguse mkasi mpaka nifike."

Shangazi akaweka sufuria chini.

"Unakwenda kwenye nadhiri?" Baba akauliza taratibu, kama mtu anayerudi kinyumenyume kwenye kona.

"Nakwenda kupima."

"Na nadhiri?"

"Nimesema kupima. Au na masikio nayo yanataka miwani?"

Shangazi akasema, "Wifi, ukifika kapime na kile kitambaa cheusi."

"Wewe ndiye uliyeniletea habari za cheusi," Mama akamwambia. "Osha vyombo."

Atafika kwenu wiki ijayo, peke yake, kwa sababu mimi lazima nibaki na Baba. Kaka, usimwambie lolote kuhusu Juni. Anakuja kupima tu.

Kasauti


Monasterini, 27 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini Mama amefika salama. Najua hatakusimulia, au atakusimulia nusu nusu, kwa hiyo nakuandikia mimi.

Aliingia chumba cha wageni, akaweka mkoba, akasema, "Simama wima." Ndiyo salamu niliyopata baada ya miaka hii. Nikasimama. Akanipima mabega, mgongo, mikono. Alipofika kifuani akabaki ameshika futi muda mrefu kuliko kifua kinavyohitaji. "Umepanuka," akasema. "Mimi nilikuwa nakuombea ukiwa mwembamba."

Nilitaka kusema kitu, akaniambia nisipumue, namharibia kipimo.

Kisha akakutana na Bruda Fundi. Nilitegemea vita. Mama akaligeuza lile joho ndani nje, akatazama mishono, akasema, "Mkono wako ni mzuri. Jicho ndilo linakudanganya." Bruda Fundi akafikiri kidogo, akamwambia, "Mama, hilo jicho limenidanganya tangu ujana wangu, na hakuna aliyeniambia." Wakakaa pamoja alasiri nzima wakigombania mkunjo wa bega. Mwishowe wakakubaliana kwamba Mama aje nalo nyumbani alimalizie.

Kabla ya kuondoka aliniuliza, "Kiko wapi?" Nilijua anauliza nini. Nikampeleka kwenye chumba cha mavazi nikakitoa kile kitambaa cheusi kwenye droo. Hakukigusa mara moja. Kisha akakishika kwa ncha kama anayekagua kitambaa sokoni, na nikaona uso wake unabadilika.

"Hakina pindo," akasema.

Kweli, Kasauti, pembeni kilikuwa kimechanika nyuzi nyuzi. Sote tumekipita miaka na miaka hatukuona. Akaomba sindano. Akakaa karibu na dirisha, akakiweka mapajani, akakipinda pande zote, mshono mdogo mdogo. Mimi nilikaa sakafuni karibu na miguu yake. Aliniuliza mtu hukaa humo chini kwa muda gani. Nikamwambia, mpaka ndugu wamalize kuwaita watakatifu wote. "Na anayekitoa ni nani?" Wanovisi wawili, wale wanaoanza utawa, nikasema, Abate akishasema maneno ya kumwita mtu aamke. Akakata uzi kwa meno. Hakuniuliza tena.

Mlangoni alinishika shavu. Hakusema atakuja. Sikuuliza. Nimeomba tu waweke kiti.

Kaka yako


Nyumbani, 2 Julai

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Tulifika salama, Baba alilala njia nzima, na Shangazi ameshawasimulia watu mtaa mzima kana kwamba ni yeye aliyeweka nadhiri.

Siku ile hatukupata nafasi ya kuzungumza, watu walikuwa wengi na wewe ulikuwa unacheka na kulia kwa wakati mmoja. Tena kuna sehemu ambayo wewe hukuiona, kwa sababu ulikuwa chini ya kitambaa. Nakuandikia ili uwe nayo.

Asubuhi ya safari Mama alitoka chumbani amevaa gauni lake la kijani, joho lako limekunjwa mkononi. Baba akatabasamu. Mama akamwambia, "Nakwenda kuona kama limekaa sawa. Fundi lazima aone kazi yake mwilini." Alirudia maneno hayo kwa dereva, kwa abiria wa pembeni, na kwa mtawa aliyetufungulia lango.

Tulikaa benchi la mbele. Ulipolala kifudifudi Mama akanishika mkono. Walipokufunika akaubana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Babu Kengele akaanza kupiga zile kengele za polepole, na ndugu wakaanza kuwaita watakatifu, mmoja baada ya mwingine, na nikafikiri, watakatifu hawa wako wengi kweli.

"Anapumua?" Mama akaninong'oneza.

"Anapumua."

"Umejuaje?"

"Kitambaa kinapanda na kushuka, Mama. Kitazame."

Akakitazama. Hakupepesa macho. Nilimsikia anavuta pumzi pamoja na wewe. Nilitaka kulia, ila niliogopa hata kukohoa. Watakatifu wakaisha, Abate akasimama, akaanza kutafuta ukurasa. Akaukosa. Akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Inatosha," Mama akasema.

Si kwa kunong'ona, Kaka. Kanisa zima lilisikia. Akauachia mkono wangu, akainuka, akapita katikati ya wale wanovisi wawili waliokuwa wamesimama kama mishumaa, akainama, akashika kile kitambaa kwa pindo alilolishona mwenyewe, akakifunua chote kwa mara moja kama anayemwamsha mtoto aende shule.

"Amka," akakuambia. "Joho linajikunja."

Ndiyo maana uliona mwanga kabla ya maneno. Ndiyo maana watu walicheka. Mlezi wenu alishika kichwa. Lakini mimi nilikuwa namtazama Abate, na Abate alikifunga kitabu taratibu, akasema, "Mama mzazi ametangulia. Sisi tufuate." Kisha akayasema maneno yake kutoka kichwani, na wewe umeshapiga magoti, na Mama anakunyoosha mabega ya joho.

Lilikaa sawa. Amesema nikuandikie hivyo: lilikaa sawa sana, ila mkono wa kushoto atauangalia tena mwezi wa tisa. Anasema atakuja kupima.

Jana alikuja mteja mgeni, mama mmoja mwenye maneno, wa kushonewa gauni la harusi ya bintiye. Miaka yote wateja wakimwuliza habari za watoto, Mama hujibu, "Wapo," na kukanyaga pedali. Huyu akauliza, "Mwenzangu, una watoto wangapi?"

Mama akasimamisha cherehani.

"Wawili," akasema. "Mmoja ni mtawa, anaishi na watu wasiosema. Mwingine ni huyu hapa, naye hasemi. Kwa hiyo mimi ndiye nasema kwa niaba yao wote. Kaa hapo nikusimulie."

Mteja akakaa. Ningejibu, Kaka, ila nilikuwa na pini mdomoni.

Mdogo wako anayekupenda,
Kasauti